Gundi nyeupe, D3, D4 au gundi ya unga: ipi kwa kazi ipi ya mbao

Mlango wa kabati la jikoni huachia kwanza upande wa chini, pale maji ya deki yanapofika kila siku. Ukikibandua kiungo hicho utaikuta gundi ipo, nyeupe na laini kama mpira uliolowa, na mbao zote mbili hazijachubuka hata kidogo. Gundi haikuchakaa. Imekunywa maji tena.

Sababu iko kwenye utengenezaji wake. Gundi nyeupe ya seremala ni chembe ndogo mno za plastiki iitwayo polivinili asetati, zinazoelea ndani ya maji. Takriban nusu ya uzito wa ndoo ni maji matupu. Ili chembe zisigandane ndani ya ndoo, huvikwa ngozi ya polivinili alkoholi, na ngozi hiyo huyeyuka majini. Mbao ikiyafyonza maji, chembe husongana na kuungana kuwa utando mmoja. Ile ngozi haiendi popote. Hubaki ndani ya utando, na maji yakirudi, huvimba na kulainika.

Kuna njia nne za kulikabili tatizo hili bila kuacha gundi za maji: kuitumia gundi ya kawaida kwa usahihi kuliko ilivyozoeleka, kununua ile ambayo kiwanda kimeshaiimarisha (D3), kuiimarisha mwenyewe karakanani kwa kigumishi (D4), au kuhamia gundi ya unga ya urea-fomaldehaidi, ambayo nayo hukorogwa na maji.

## Vigezo vya kulinganishia

Maji. Herufi D na namba yake zinatoka kwenye kiwango cha Ulaya EN 204. D1 ni ya ndani pakavu, mbao isipopita unyevu wa asilimia 15. D2 huvumilia maji ya mara mojamoja, unyevu usipite asilimia 18. D3 ni ya mahali panapolowa mara kwa mara kwa muda mfupi, au nje palipofunikwa. D4 huvumilia maji ya muda mrefu ndani ya nyumba, na hata mvua, ila kwa sharti kwamba mbao imepakwa rangi au vanishi ya kutosha.

Mafundi wa pwani waziangalie namba hizo mara mbili. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80 kwenye joto la nyuzi 30 huipeleka mbao kwenye unyevu wa asilimia 15 hivi bila tone la maji kuigusa. Kwa maneno mengine, kiti cha sebuleni Tanga au Mombasa kinaishi kwenye ukingo wa D1 siku nyingi za mwaka.

Joto na mzigo wa kudumu. Kuna gundi isiyoachia kwa kishindo bali husogea kidogo kidogo chini ya mzigo. Rafu ya vitabu na mbao zilizopindwa kwa tabaka ndizo zinazoumbua tabia hiyo.

Kufanya kazi nayo. Dakika ulizonazo kati ya kupaka na kubana, saa za kukaa kwenye klampu, na inavyokubali nafasi zilizoachwa na msumeno.

Afya, uhifadhi na gharama. Bei ya kilo haitoshi; hesabu pia kinachomwagwa mwisho wa siku.

## Gundi nyeupe ya kawaida, ikitumiwa ipasavyo

Maji. Ni D1 au D2. Ndoo isiyoandikwa daraja lolote ichukulie kuwa D1.

Joto na mzigo. Hapa ndipo udhaifu wake mkubwa. Plastiki hii huanza kulegea joto linapozidi nyuzi 30 na kitu, na kwenye nyuzi 60 au 70 hupoteza sehemu kubwa ya nguvu. Meza iliyopakwa rangi nyeusi na kuachwa juani hufika huko.

Kufanya kazi nayo. Viungo vingi vinavyoachia havikuhitaji gundi nyingine. Vilihitaji kazi nyingine. Haya yanazihusu gundi zote nne, ila nayaweka hapa kwa sababu ndiyo maboresho pekee yasiyogharimu shilingi.

Piga randa siku ileile ya kuunganisha. Uso wa mbao uliokaa wiki nzima hupata vumbi na mafuta yake yenyewe, na gundi ya maji hujikunja juu yake. Dondosha tone la maji: likitandaa na kuzama ndani ya nusu dakika, uso uko tayari, likibaki limesimama kama umande kwenye jani la yugwa, piga randa tena au msasa wa namba 120. Mtiki una mafuta zaidi. Ufute kwa kitambaa chenye spiriti, acha ukauke dakika chache, kisha paka gundi papo hapo kabla mafuta hayajapanda tena.

Pima unyevu hata kama huna kifaa. Kata kipande katikati ya ubao, kipime uzito, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito usishuke tena. Kikiwa gramu 115 mwanzo na 100 mwisho, unyevu ni asilimia 15. Ukipata zaidi ya hapo kwa kazi ya ndani, mbao irudi kukauka. Paina iliyotoka shambani Mufindi na kufika dukani ndani ya wiki chache mara nyingi huhitaji kupimwa kabla ya kuaminiwa.

Paka gramu 150 hadi 200 kwa mita mraba, yaani utando unaofunika rangi ya mbao bila kutiririka. Kisha bana kweli: mbao laini huhitaji kilo 7 hadi 10 kwa kila sentimita mraba, mbao ngumu kama mninga au mvule 12 hadi 17. Hesabu mfano mmoja uone ukubwa wake. Ukingo wa ubao wa paina wenye urefu wa mita 1 na unene wa sentimita 2.5 una sentimita mraba 250. Kwa kilo 7 kila moja, unahitaji nguvu ya kilo 1,750. Klampu mbili za pembeni haziwezi. Weka tano, moja kila sentimita 20, na vipande vya mbao chini yake ili nguvu isambae.

Ncha za mbao na kingo za MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) hufyonza gundi hadi kiungo kinabaki kikavu. Paka kwanza gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, subiri ikauke, kisha paka gundi kamili na ubane. Hatua hii moja huokoa fremu nyingi za picha. Hata baada ya hapo, ncha kwa ncha haitoshi kubeba mzigo. Weka ulimi na tundu, au vijiti.

Vijazo vina mipaka. Unga wa ngano uliochekechwa, gramu 50 hadi 100 kwa kilo ya gundi, huifanya nzito na kuipunguzia kuzama kwenye mbao zenye vinyweleo vipana, lakini huikaribisha kuvu na kupunguza ustahimilivu wa maji. Unga wa chokaa ya kaboneti haukaribishi kuvu, ila hula makali ya randa. Maji yasizidi gramu 50 kwa kilo. Boraksi usiitie kabisa: huishika ile polivinili alkoholi na kuigeuza ndoo kuwa mrenda papo hapo.

Panapoharibika. Utando mweupe wenye unga kama chaki maana yake baridi. Chembe haziungani chini ya joto fulani, ambalo kwa gundi nyingi liko kati ya nyuzi 5 na 15. Alfajiri ya Julai huko Njombe au Limuru, ukiibana mbao iliyolala nje, kiungo kitakauka bila kushika; na kukipasha joto baadaye hakusaidii. Lete mbao ndani usiku uliotangulia. Kwenye joto la nyuzi 33 kinyume chake hutokea: gundi huota ngozi juu kabla hujafunga, na unaona matone hayatoki pembeni ukikaza. Paka pande zote mbili, na pangeni kazi ili mtu wa pili awe anakaza wakati wa kwanza bado anapaka.

Afya na gharama. Ndiyo salama zaidi na rahisi zaidi kati ya nne. Vifaa vinaoshwa kwa maji.

Inamfaa nani. Fundi wa samani za ndani, mjalidi wa vitabu, mwalimu wa ufundi mwenye wanafunzi wadogo, na anayeunganisha karatasi, kitambaa au kadibodi. Kwa hizo za mwisho, uji wa wanga wa muhogo uliopikwa ukichanganywa na gundi nyeupe hushusha gharama na hukatika vizuri kwa kisu, mradi kitu kisikae penye unyevu.

## D3 iliyoimarishwa kiwandani

Maji. Hapa kiwanda kimeweka viunganishi vya kemikali pamoja na chumvi za alumini zinazoifanya gundi kuwa chachu, yaani yenye asidi. Maji yakikauka, uchachu huo huamsha viunganishi na kuzifunga nyuzi za plastiki zenyewe kwa zenyewe. Kwenye jaribio la EN 204, kiungo cha D3 huloweshwa siku 4 katika maji ya nyuzi 20 na kuvutwa kikiwa bado kimelowa. Hutakiwa kufika angalau niutoni 2 kwa milimita mraba. Kikikauka tena siku 7, hutakiwa kurudi hadi 8. Zingatia tofauti hiyo: kikiwa kimelowa, D3 ina robo tu ya nguvu inayotakiwa irudishe baada ya kukauka. Mlango wa bafu ukilowa usipigwe teke.

Joto na mzigo. Bora kidogo kuliko gundi ya kawaida, lakini bado ni plastiki ya aina ileile, na mbao zilizopindwa zitajifungua kiasi baada ya kutolewa kwenye kalibu.

Kufanya kazi nayo. Karibu sawa na gundi nyeupe, ila hushika haraka zaidi. Haina kuchanganya wala kupima, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kwa karakana yenye vibarua wanaobadilika.

Panapoharibika. Uchachu wake una gharama tatu. Kwanza, ukitia unga wa chokaa kama kijazo, chokaa hula uchachu, povu hutoka, na ulichonunua kama D3 kinarudi kuwa gundi ya kawaida bila kukuonyesha kwa macho. Pili, chuma kikigusa gundi mbichi kwenye mbao zenye tanini (kemikali ya asili ya baadhi ya miti), alama nyeusi hubaki. Weka karatasi ya nailoni kati ya klampu na kiungo. Tatu, huendelea kufanya kazi polepole ndani ya ndoo. Stoo ya bati inayochemka mchana huizeesha kabla ya tarehe yake, na gundi iliyogeuka nzito ya kuvutika haiponi kwa kuongezwa maji. Ihifadhi kwenye plastiki, kivulini, na nunua ya miezi michache tu.

Afya na gharama. Bei iko juu ya gundi nyeupe, lakini hakuna kinachomwagwa. Glavu zinatosha kwa ngozi nyepesi.

Inamfaa nani. Mtengeneza makabati ya jikoni na bafu, milango ya ndani, na samani za pwani. Kwangu mimi, kwa nyumba za Dar es Salaam, D3 ndiyo ingepaswa kuwa ndoo ya kawaida ya karakana na gundi nyeupe iwe ya kazi maalumu.

## D4 kwa kigumishi cha isosianati

Maji. Kigumishi hiki hushika ile ngozi ya polivinili alkoholi yenyewe, chanzo cha tatizo, na kushika mbao pia. Kiungo cha D4 hutakiwa kufika niutoni 4 kwa milimita mraba baada ya siku 4 majini, na tena 4 baada ya kuchemshwa saa 6 na kupozwa saa 2 kwenye maji baridi. Chupa zinazouzwa zimekamilika bila kigumishi zikiandikwa D4 nazo zipo, na hurahisisha mambo.

Joto na mzigo. Bora wazi kuliko D3, lakini haijawa gundi ya kubeba paa.

Kufanya kazi nayo. Kiwango cha kawaida ni asilimia 5 kwa uzito: gramu 50 za kigumishi kwa kilo ya gundi, gramu 10 kwa gramu 200. Tumia mizani ya jikoni ya kidijitali, kwa sababu kipimo cha kizibo hukosea, na kosa la gramu chache kwenye mchanganyiko mdogo ni kubwa. Tumia gundi ambayo mtengenezaji wa kigumishi ameitaja. Mimina polepole ukikoroga dakika 2 hadi 3, ukifuta pande na chini ya chombo, kwani kigumishi hujificha hapo kama nyuzi za asali.

Panapoharibika. Mtego mkuu ni muda. Baada ya saa zilizoandikwa kwenye lebo, mchanganyiko unaweza kubaki laini na mweupe vilevile, unapakika, unashika. Lakini kigumishi kimeshamalizana na maji ya ndani ya gundi yenyewe, na ulichonacho si D4 tena. Andika saa ya kuchanganya kwenye kifuniko kwa kalamu ya wino mzito. Mtego wa pili ni povu: isosianati ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksidi. Usifunge chombo kikakaza, kitavimba na kupasuka. Na usimimine mabaki kwenye ndoo kubwa.

Afya na gharama. Isosianati huweza kuufanya mwili uichukie kwa kudumu. Aliyekwisha kuathirika hupata pumu au vipele hata kwa kiasi kidogo. Glavu za naitraili, miwani, milango wazi, na wasiohusika watoke. Kigumishi kilichofunguliwa hunyonya unyevu wa hewa na kuganda, kwa hiyo nunua chupa ndogo hata kama kubwa ni nafuu kwa gramu.

Inamfaa nani. Karakana ya madirisha na milango ya nje yenye fundi mmoja anayewajibika kuchanganya, na kazi za kutosha kumaliza mchanganyiko siku hiyo.

## Gundi ya unga ya urea-fomaldehaidi

Maji. Huvumilia kulowa kwa maji baridi vizuri. Inachoshindwa ni joto na unyevu kwa pamoja kwa miaka: maji ya moto huivunja. Ndege ya kivita ya Uingereza iitwayo Mosquito, iliyojengwa kwa mbao, ilianza na gundi ya kaseini (protini ya maziwa) kisha ikahamishiwa hii ya urea kwa sababu kaseini iliharibika kwenye unyevu. Kulinganisha na kaseini ilikuwa hatua kubwa, ila isikufanye uiweke kwenye benchi la bustani lisilopakwa kitu.

Joto na mzigo. Hapa inazishinda zote tatu. Ikishagumu haisogei. Mgongo wa kiti uliopindwa kwa tabaka za mbao nyembamba hukaa ulivyotoka kwenye kalibu.

Kufanya kazi nayo. Unga wa rejareja huja na kigumishi ndani yake. Ongeza maji kwa uzito uliochapishwa kwenye kopo. Anza na sehemu ya maji tu, koroga hadi upate uji mzito usio na madonge, kisha malizia maji. Viwanda vya plaiwudi hununua gundi hii ikiwa majimaji bila kigumishi, yaani utomvu, na kuongeza amonia kloridi takriban asilimia 1 ya utomvu mkavu. Kilo 1 ya utomvu wenye asilimia 60 ya ukavu huhitaji gramu 6. Unga wa ngano huongezwa ili utomvu usizame wote kwenye tabaka. Bana hadi kesho yake, joto la chumba lisishuke chini ya nyuzi 20.

Panapoharibika. Utomvu mtupu kwenye nafasi nene hupasuka vipande kama tope la bwawa lililokauka, kwa hiyo viungo vilegevu vinahitaji kijazo au vikatwe upya. Kopo lililoachwa wazi hunyonya unyevu na kuwa jiwe. Matone yaliyogumu huvunja makali ya randa. Yafute kwa kitambaa chenye maji kabla hayajakauka.

Afya na gharama. Hutoa fomaldehaidi wakati wa kukorogwa na kidogo kidogo baadaye. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka fomaldehaidi kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004. Barakoa ya vumbi wakati wa kupima, hewa ya kutosha, na isitumike kwa vitanda vya watoto wachanga. Kwa kilo, mara nyingi ni nafuu kuliko D4.

Inamfaa nani. Anayepinda mbao, anayebandika venia pana (tabaka nyembamba la mbao la kufunika uso) bila haraka, na mwenye mzigo usiotakiwa kusogea hata milimita.

## Kwa hali yako

Samani za ndani Dodoma, Arusha au Nairobi, mbao ikiwa chini ya asilimia 15: gundi nyeupe na klampu za kutosha. Samani hizohizo zikienda pwani: D3.

Kabati la jikoni: D3 kote. Ukingo wa chini uinuliwe sentimita chache kutoka sakafuni, kwa sababu kuzuia deki isifike ni bora kuliko daraja lolote.

Dirisha au mlango wa nje: D4, na rangi ipakwe kabla ya mvua ya kwanza, ncha za mbao zikipata mipako miwili zaidi. Kama karakana haina mizani wala mtu wa kuandika saa, D4 iliyokamilika kiwandani ni salama kuliko kigumishi kilichokadiriwa kwa jicho.

Rafu ndefu yenye vitabu vizito, au viti vilivyopindwa: gundi ya unga, mradi ni ndani.

Mashua, maboriti ya paa, madaraja ya miguu: hakuna kati ya hizi nne. Tafuta epoksi kwa mashua, na resosinoli au gundi nyingine iliyothibitishwa kwa majengo.

Ukiwa bado umekwama kati ya ndoo mbili, zijaribu kwenye mbao yako. Tengeneza viungo vinne kwa kila gundi, kila kimoja cha vipande viwili vya sentimita 2 kwa 10 vilivyopishana sentimita 2. Subiri siku 7. Viwili viloweshe siku 4 kwenye ndoo ya maji, viwili vibaki vikavu. Kisha vipasue vyote kwa patasi na nyundo ukitazama palipopasuka. Mbao ikichanika na nyuzi zikabaki kwenye gundi, gundi ina nguvu kuliko mbao. Ikitoka safi pande zote mbili kwenye vipande vikavu, kosa liko kwenye uso, baridi au ubanaji. Ikitoka safi kwenye vilivyolowa tu, panda daraja moja.